Kwa wanaoanza kuandika wafufua wafu na watawala wasiokufa

Miswada mingi ya hadithi hizi, zinazochanganya sayansi na uchawi, huharibika mapema. Mfufua wafu ananyanyua mkono, maiti anaamka, na hakuna aliyelipa chochote. Baada ya hapo msomaji haogopi tena kifo cha mhusika yeyote, na vita vyako vyote vinakosa uzito.

Panga gharama kwanza. Katika utenzi wa Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale, mama yake shujaa Odysseus hamtambui mwanawe huko kuzimu mpaka anywe damu ya kafara. Katika Biblia, Samweli akipandishwa kwa ajili ya Sauli analalamika kwamba amesumbuliwa, kisha anamtabiria mfalme kifo. Aliyeita ndiye aliyeumia.

Halafu amua ni nini hasa kinachorudi: mwili, kumbukumbu au nafsi. Hapa sayansi inakupa malighafi nzuri. Mwaka 1803, jijini London, mwanasayansi Mwitalia Giovanni Aldini alipitisha umeme katika maiti ya mtu aliyenyongwa. Taya likatetemeka, jicho moja likafunguka, lakini mtu mwenyewe hakurudi. Seli za Henrietta Lacks, Mmarekani aliyeugua saratani, zilizochukuliwa mwaka 1951, zinaendelea kugawanyika maabarani hadi leo, ilhali yeye alifariki mwaka huohuo. Je, hapo nani anaishi? Swali hilo peke yake linatosha kubeba riwaya nzima.

Sasa siasa, na hapa ndipo ninapokusihi usiwe na haraka. Utawala tunaoujua hutegemea kifo: mzee anaondoka, kiti kinabaki wazi, warithi wanagombana. Mtawala asipokufa, mrithi anasubiri karne baada ya karne, na chuki yake inakomaa akiwa mezani na anayemchukia. Wanagombea nini, basi? Mara nyingi ni siri ya namna uzima ule ulivyopatikana, na nani alitolewa kafara. Tena, penye mfufua wafu, kumuua shahidi hakumnyamazishi. Anaweza kuitwa atoe ushahidi. Kwa hiyo ikulu italazimika kuchoma mifupa na kuhesabu makaburi, na msimamizi wa makaburi anaweza kuogopwa kuliko jemadari. Mpe huyo msimamizi sura zake mwenyewe, maana yeye anakufa na mabwana zake hawafi.

Historia ya miaka elfu kumi ibaki kwenye daftari lako. Kwenye hadithi weka kile tu ambacho mhusika anakihitaji ili afanye uamuzi ulio mbele yake.