Ufa kwenye panga la mtambo wa upepo: maswali na majibu

Picha ya droni inaonyesha ufa wa sentimita 20 kwenye ukingo wa nyuma wa panga. Tuzime mtambo? (Fundi, Kajiado)

Urefu wa ufa peke yake hautoshi kuamua. Ufa wa mita moja ulio kwenye rangi tu unaweza kusubiri. Wa sentimita 10 uliokata nyuzi za kioo hausubiri. Droni huona ngozi, haioni nyama. Fungeni rota (kitovu pamoja na mapanga yake) kwa pini, fundi ashuke kwa kamba na kugongagonga eneo zima kwa sarafu au nyundo ndogo. Panapoita kwa sauti kavu na fupi, tabaka zimeshikana. Sauti ikizama na kuwa butu, zimeachana. Chora mpaka wake kwa kalamu ya wino. Kisha kwangua rangi kwenye ncha zote mbili za ufa. Faibaglasi nzima hupitisha mwanga kidogo. Iliyoachana huwa nyeupe kama maziwa.

Ufa unaokata panga kwa upana ni hatari kuliko unaofuata urefu, kwa sababu mzigo hupita kwa urefu. Kama umegusa mhimili mkuu (uti wa ndani unaobeba mzigo wa panga), umeanzia karibu na shina (mwisho unaofungwa kitovuni), au ukingo wa nyuma umefunguka ukaona gundi ndani, zima leo. Kama umeishia kwenye rangi au puti, weka alama na tarehe kwenye ncha zake, upime tena kwenye ukaguzi ujao.

Natengeneza boti za faibaglasi. Naweza kuziba panga kwa rezini yangu ya kawaida? (Mombasa)

Ikiwa panga limeundwa kwa epoksi (aina nyingine ya rezini, ile gundi inayoganda na kushika nyuzi), hapana. Rezini ya boti kwa kawaida ni poliesta, na poliesta haishiki vizuri juu ya epoksi iliyokwisha kukauka. Kiraka kitaonekana safi siku ya kwanza, kisha kibanduke kikiwa kizima kama gamba la embe. Epoksi juu ya poliesta hushika. Soma kwanza karatasi za mtengenezaji wa panga.

Kwa nini tunaambiwa tusage eneo kubwa hivyo kwa ajili ya tundu dogo?

Swali hili ndilo lenye uzito kuliko yote, maana viraka vingi hufa hapa. Mzigo hutoka tabaka la zamani kwenda jipya kupitia rezini, na rezini ni dhaifu kuliko nyuzi, hivyo inahitaji eneo pana la kushikia. Kwenye tabaka zinazobeba mzigo mkuu, mteremko wa kusaga unaotakiwa mara nyingi ni 1 kwa 50, yaani unene mmoja kwa urefu mara hamsini. Tabaka la milimita 0.8 linadai milimita 40. Tabaka tatu ni milimita 120 kila upande, kwa hiyo tundu la milimita 100 linakuwa kidonda cha milimita 340. Ukifupisha, unaacha ngazi, mkazo unajikusanya pale na kiraka kinaanza kuinuka pembeni.

Rudisha idadi ileile ya tabaka, na nyuzi zielekee kulekule zilikoelekea. Pima rezini na kikaushio kwa mizani, usikadirie kwa jicho: uwiano ukikosewa, mchanganyiko haukomai hata ukingoje wiki. Usikoroge nyingi kwenye kopo moja, itachemka yenyewe na kuganda mkononi. Uso wa panga uwe na joto linalozidi kiwango cha umande (joto ambalo unyevu wa hewa huanza kugeuka matone) kwa angalau digrii 3. Unyevu usioonekana hutenganisha tabaka. Balsa (mti mwepesi unaowekwa katikati ya tabaka) iliyolowa ndani ikatwe yote, kwa kuwa kuikausha juujuu ni kufungia maji humo. Kabla ya kuwasha mtambo, pima ugumu wa kiraka na ulinganishe na kiwango cha mtengenezaji wa rezini.

Radi imepiga ncha, alama ni doa jeusi tu. Inatosha kupaka rangi?

Haitoshi. Radi ikipita ndani penye unyevu, maji hugeuka mvuke ghafla na kusukuma magamba mawili yanayounda panga yaachane. Kagua maungio ya ukingo wa nyuma, kisha pima ukinzani wa waya kutoka kipokea radi (kipande cha chuma) cha ncha hadi shinani na ulinganishe na mapanga mengine mawili. Waya ukiwa umekatika, radi ijayo itapita kwenye gamba. Zibua pia tundu la kutolea maji.

Ukingo wa mbele unalika kwa mchanga. Tusubiri mpaka lini? (Marsabit)

Mitambo 365 ya Vestas V52 iliyoko Loiyangalani ina rota za mita 52. Kwa mizunguko 26 kwa dakika, ncha hukimbia karibu kilomita 255 kwa saa, na kila punje ya mchanga hupiga kwa kasi hiyo. Rekebisha wakati mliko bado uko kwenye rangi na puti: ni kazi ya msasa, puti na rangi ya kinga. Ukifika kwenye nyuzi, inakuwa kazi ya tabaka. Andika uzito uliouongeza, kwani kilo 1 umbali wa mita 25 kutoka kitovuni huvuta sawa na kilo 5 kwenye mita 5, na rota isiyo na mizani huchosha beringi.

Lini tuache kukarabati, tubadilishe panga?

Mhimili ukiwa umekatika kwa eneo ambalo mteremko wa 1 kwa 50 haupati nafasi, au shina likiwa na ufa kwenye boliti. Panga jipya lilingane na yale mawili yanayobaki kwa uzito na kwa jinsi linavyovuta kutoka kitovuni.