Mama anasafishwa damu na ana vidonda vya tumbo, ale nini?

SWALI: Asalaam aleikum dokta. Mamaangu anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, sasa kaambiwa ana vidonda vya tumbo pia. Majirani wananambia nimpe maziwa na madafu yapoze tumbo, mie naogopa. Msomaji, Wete.

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu, umefanya vizuri kuogopa. Dafu lina madini ya potasiamu mengi na figo zake haziwezi kuyatoa, yakijaa kwenye damu moyo unaweza kusimama ghafla, kwa hiyo dafu hapana kabisa. Maziwa yanapoza kidogo tu halafu asidi inarudi, na yana madini ya fosforasi, yakizidi yanaharibu mifupa yake.

Mpe wali mweupe, samaki wa kuchemsha, ute wa yai, kidogo kidogo mara tano kwa siku, maana mashine inamtoa protini, asikae na uji mtupu. Muhogo akiutamani ukate vipande vidogo, uchemshe kwa maji mengi halafu uyamwage, ili potasiamu ipungue. Pilipili, achari na urojo kama vinamchoma aache. Dawa za kiungulia za dukani nyingi zina aluminiamu na magnesiamu, hizo zinabaki mwilini mwake, usimnunulie bila ya kumuuliza daktari wake, na diklofenaki, ile dawa ya maumivu, asiguse.

Akipata choo cheusi kama lami mkimbize hospitali usiku huohuo! Na wauguzi wajue ana vidonda kabla hawajamuunga mashine, kwa sababu pale hutiwa heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, na vidonda vinaweza kuvuja damu.