Maswali ya Wasomaji: Tairi la Saketi, Tairi la Otokrosi

Barua tulizochagua safari hii zote ni za matairi. Kwa aliye mgeni: otokrosi ni mchezo wa kupitisha gari mojamoja kwenye njia iliyopangwa kwa koni katika uwanja mpana, na mbio moja huisha kwa takriban dakika moja. Siku ya saketi ni kuendesha gari lako kwenye uwanja wa mbio kwa vipindi, mara nyingi vya dakika 15 hadi 25, bila kushindania nafasi.

*Gari langu linavutwa na magurudumu ya mbele, lina kilo 1,250 na matairi ya 225/45R17 (upana milimita 225, kimo cha ubavu asilimia 45 ya upana huo, rimu ya inchi 17). Nataka seti moja tu: nishiriki otokrosi, niende saketi mara tatu au nne kwa mwaka, na niendeshee kwenda na kurudi. Ninunue yapi?*

Kabla ya jina la kampuni, jiulize tairi lako litakaa kwenye joto kwa muda gani. Hapo ndipo michezo hii miwili inapoachana. Kwenye otokrosi unaondoka na tairi baridi, na kabla halijapata joto mbio zimekwisha. Unahitaji mpira unaoshika tangu kona ya kwanza. Kwenye saketi, mpira huohuo utakupa mizunguko miwili au mitatu mizuri, kisha uso wake uanze kulainika kupita kiasi. Usukani unakuwa kama umelegea, gari linachelewa kuingia kona, na ukizidi kulazimisha, vipande vya mpira vinabanduka.

Mfano unaoeleweka vizuri ni Yokohama A052 na Hankook RS4. Yote mawili yana alama ya 200 ubavuni, yaani namba ya uchakavu (TREADWEAR) tunayoieleza hapa chini. A052 hupata joto haraka na hushika mno, ndiyo maana watu wa otokrosi wanalipenda, lakini kwenye kipindi kirefu cha jua kali linachoka mapema na kuisha upesi. RS4 linataka kuamshwa, na mzunguko wa kwanza halina raha, ila likishapata joto linastahimili dakika 20 bila kubadilika sana, na linadumu. Bridgestone RE-71RS liko upande wa A052.

Kwa matumizi yako tungefuata mahali utakapoendesha dakika nyingi zaidi. Siku moja ya saketi yenye vipindi vinne vya dakika 20 ni dakika 80 za joto. Siku nzima ya otokrosi yenye mbio sita ni kama dakika sita tu. Kwa hiyo hata ukienda otokrosi mara nyingi zaidi, saketi ndiyo itakayokula matairi yako. Chukua la kustahimili joto, aina ya RS4, ukubali kupoteza kidogo kwenye koni. Ukiona moyo wako uko kwenye otokrosi na saketi unaitembelea tu, geuza uamuzi, na saketini ukae mizunguko minne, upoze mmoja, kisha uendelee.

Na kama hujawahi kabisa kuingia saketi, tairi zuri la kasi la barabarani kama Michelin Pilot Sport 4S, lenye alama ya 300, linatosha kwa siku za mwanzo. Linateleza taratibu na kwa sauti, kwa hiyo linakuonya kabla ya kukuachia. Dereva anayejifunza juu ya tairi la kunata sana huficha makosa yake hadi siku anapoyafanya kwa mwendo mkubwa.

*Hiyo namba ya TREADWEAR ina maana gani hasa? Mbona matairi mawili ya 200 yanaisha kwa kasi tofauti?*

Ni kipimo cha uchakavu kutoka utaratibu wa Marekani. Tairi linajaribiwa barabarani kwa maili 7,200, yaani kama kilomita 11,600, likilinganishwa na tairi la rejea. Kwa hesabu hiyo, la 200 linatarajiwa kudumu mara mbili ya la 100. Ila anayeandika namba ni mtengenezaji mwenyewe, na mwendo wa majaribio ni wa barabara ya kawaida. Haupimi mnato, wala haupimi mpira utakavyokuwa kwenye nyuzi joto 90. Madaraja mengi ya otokrosi ya magari ya barabarani yanadai namba isiyopungua 200, kwa hiyo kampuni zinashindana kutengeneza tairi kali kadiri iwezekanavyo ambalo bado litaandikwa 200. Itumie namba hiyo kujua kama unaruhusiwa kushindana. Usiitumie kukisia maisha ya tairi.

Chini ya 200 ziko aina za nusu-mashindano, kwa mfano Toyo R888R lenye 100. Mbele zaidi ziko za mashindano kama Hoosier, ambayo inaonyesha wazi tofauti tuliyoieleza: A7 ni la otokrosi, R7 ni la mbio za saketi.

*Kila mtu ananiambia psi yake (kipimo cha upepo wa tairi). Mmoja 28, mwingine 36, mwingine anasema nifuate kibandiko cha mlangoni chenye kiwango cha upepo cha kiwandani. Nimsikilize nani?*

Inawezekana wote wana haki, kwa sababu hawakusema kama wanapima baridi au moto. Kwenye saketi upepo unaohesabika ni wa tairi moto. Joto la hewa iliyo ndani likipanda nyuzi 10, upepo huongezeka kama psi 1.5. Ukijaza 28 asubuhi kwenye nyuzi 20, na hewa ya ndani ikafika 60, utasoma kama 34. Ukijaza 32, utasoma 38, na hapo tairi limevimba katikati, linakanyaga kwa eneo dogo na kuanza kuelea.

Kwa gari la kama kilo 1,250 na tairi la daraja la 200, lenga psi 32 hadi 36 likiwa moto. Anza siku na 28 au 29 baridi kote. Fanya kipindi cha kwanza, ingia, na upime ndani ya dakika moja au mbili tangu usimame, kabla joto halijapotea. Punguza hadi kiwango unacholenga, kisha andika. Rudia baada ya kila kipindi, maana jua la mchana litakuongezea tena. Kwenye saketi inayozungukwa kisaa, kona nyingi ni za kulia na matairi ya kushoto ndiyo yanayobeba mzigo. Yatapanda kuliko ya kulia, kwa hiyo yaanze chini kwa psi 1 au 2 ili yakutane na wenzake yakiwa moto.

Kwenye otokrosi joto halipandi kiasi hicho, basi anza karibu na kiwango cha mwisho: 33 hadi 35 mbele na 31 hadi 33 nyuma kwa gari linalovuta mbele. Kama gari linaendeshwa na madereva wawili kwa zamu, pima kila baada ya mbio. Kunyunyizia matairi maji kati ya zamu husaidia sana hapo.

Ili usibaki kukisia, paka chaki kuanzia bega la tairi kushuka ubavuni kidogo, katika sehemu tatu. Matairi mengi yana alama ya pembetatu begani. Chaki ikifutika ikapita pembetatu na kuingia ubavuni, tairi linalala: ongeza psi 2. Ikibaki juu ya bega bila kuguswa, punguza. Ukiweza, nunua kipimajoto cha sindano na uchome mpira ndani, katikati na nje. Katikati kukiwa moto kuliko kingo zote mbili, upepo umezidi. Kingo zikizidi katikati, upepo ni mdogo. Kipimajoto cha mwanga kinasoma ngozi ya juu tu, na ngozi inapoa ukiwa bado unarudi maegeshoni.

Kuhusu kibandiko cha mlangoni, hicho ndicho cha kurudia nyumbani. Watu wengi wanasahau hapa. Tairi ulilolipunguza hadi 34 likiwa moto litakuwa na 28 likipoa, pengine pungufu ya kiwango cha barabara kwa gari lililobeba mizigo na seti ya akiba. Kukimbia mwendo mrefu na tairi lililopungua upepo huchemsha ubavu, na ubavu ukishachemka unapasuka. Beba pampu na geji yako mwenyewe, tena geji hiyohiyo kila mara, kwa sababu geji mbili tofauti hupishana kirahisi kwa psi 2.

*Baada ya siku moja tu ya saketi, bega la nje la matairi yangu ya mbele limelika hadi linakaribia kipara, ilhali ndani kashata (mpira ulioinuka wa uso wa tairi) bado nene. Tairi ni bovu?*

Tairi huenda halina kosa. Gari linapoingia kona, bodi inalala nje na gurudumu linafuata, basi uzito wote unakaa kwenye bega la nje. Magari ya kawaida hutoka kiwandani na gurudumu limesimama karibu wima, kati ya sifuri na digrii moja kuingia ndani kwa juu. Kwa tairi la kunata hiyo haitoshi. Saketini wengi hutumia digrii 2.5 hadi 3.5 mbele. Kama gari lako halina nafasi ya kurekebisha, sahani za juu za shokabu zinazosogezeka ndiyo njia ya kawaida.

Hadi utakapofanya hivyo, ongeza psi 2 au 3 mbele ili ubavu usilale, na ujizuie kukunja usukani zaidi pale gari linapokataa kukata kona. Kuongeza usukani juu ya tairi linaloteleza hakuleti mnato. Kunasugua bega tu. Legeza usukani kidogo, ondoa mguu kwenye mafuta, mbele itashika tena.

Kila ukibadili mwinamo huo wa gurudumu, pima upya na uelekeo wa magurudumu (kama yanatazama mbele sambamba), maana vinakwenda pamoja. Uelekeo ulioharibika hula tairi barabarani haraka kuliko mwinamo wenyewe. Utaugundua kwa kupitisha kiganja juu ya kashata: upande mmoja laini, upande mwingine ukikwaruza kama msumeno.

*Rimu zangu zina upana wa inchi 7.5. Naweza kuweka 245/40R17 badala ya 225/45R17?*

Hapana. Ukubwa wa 245/40R17 kwa kawaida unaidhinishwa kwa rimu ya inchi 8 hadi 9.5. Juu ya 7.5 kuta zinabanwa, uso unajikunja, na usukani unajibu kwa kuchelewa. Baki na 225/45 au nenda 235/45R17, ambalo ni refu kwa kipenyo kwa takriban asilimia 1.4, na uhakikishe haligusi bodi usukani ukiwa umekunjwa mwisho na sasipenshi imeshuka. Angalia pia namba ya kubeba uzito: 91 ni kilo 615 kwa tairi, 94 ni kilo 670. Usishuke chini ya ile ya gari lako.

*Kuna mtu anauza seti ya R888R iliyotumika, kashata bado nusu. Nichukue?*

Kina cha kashata kitakudanganya. Mpira wa aina hii hugumuka kila unapochemka na kupoa, na unaweza kupoteza mnato kabla haujaisha. Soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT, msimbo ulioandikwa ubavuni mwa tairi: 3522 ni wiki ya 35 ya mwaka 2022. Bonyeza kucha kwenye kashata. Mpira mzima unabonyea kidogo na kurudi. Ukiona rangi ya kibuluu begani, ulichemshwa kupita kiasi. Angalia ndani ya ubavu pia, upande ambao muuzaji haonyeshi kwenye picha, utafute nyufa, uvimbe na mahali palipozibwa. Tairi lililozibwa hatulipeleki saketi, hata kama kiraka kimewekwa vizuri.

Ukinunua mapya, yapashe taratibu kwa dakika 10 hadi 15, mwendo ukipanda kidogo kidogo, kisha yaache yapumzike saa 24 kabla ya kuyalazimisha. Yahifadhi mahali pa giza na pakavu, mbali na mota za umeme, kwa sababu ozoni yake huukausha mpira.

*Mvua ikinyesha nikiwa saketini na matairi ya nusu-mashindano kama R888R?*

Mifereji yake ni michache, na ikishapungua nusu hayatoi maji ya kutosha. Kwenye unyevu tu, punguza mwendo na ukae nje ya mstari wa kawaida wa mbio katika kona, maana mpira uliosuguliwa hapo unateleza ukilowa. Maji yakianza kutuama, ingia maegeshoni. Kama ulikuja na seti ya barabarani, huu ndio wakati wa kuifunga, na nati uzikaze kwa spana ya kipimo kulingana na kitabu cha gari, kisha uzikague tena baada ya mizunguko ya kwanza.