Bima ya trela la kulala

Swali: Shikamoo Mzee. Nina trela la kulala, nalivuta kwa Land Cruiser kutoka Ilemela hadi lango la Ndabaka, Serengeti. Mara nyingine nalikodisha. Bima kubwa ya gari haitoshi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usiitegemee. Mara nyingi hugusa madhara kwa watu wengine trela likiwa limefungwa kwenye gari. Ukishalifungua ukaliegesha, jiko, magodoro na turubai ni juu yako. Langu lilivunjwa Capri Point, wakabeba mtungi wa gesi na betri. Kampuni ikadai risiti. Nilikuwa na ya betri tu, tena imefifia! Na hilo la kukodisha liseme kwenye fomu. Ukilificha, wana sababu ya kukunyima fidia. Stika ya bima nayo ihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania, kabla hujaondoka.