Pwani nayo imo

Ndugu yangu, umeandika kwamba habari za asili ya binadamu ni za Turkana na Ethiopia, sisi watu wa Mombasa hazituhusu. Hapo sikubaliani nawe. Jirani zetu hapo Kilifi kuna pango la Panga ya Saidi, na ndani yake wachimbuzi walikuta kaburi la mtoto aliyezikwa miaka 78,000 hivi iliyopita. Ndilo kaburi la binadamu la kale zaidi linalojulikana Afrika, na lilitangazwa mwaka 2021.

Alikuwa wa miaka miwili na nusu hadi mitatu. Walimlaza kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani, na kichwa kimeinama kana kwamba kiliwekewa mto ambao umeshaoza. Mifupa ilikuwa laini mno, ikabidi waifunge kwa plasta pamoja na udongo wake na kuitoa kama bonge moja. Meno ndiyo yaliyothibitisha kuwa ni mtu kama sisi. Watafiti wakampa jina Mtoto, kwa Kiswahili chetu. Mimi kila nikiufikiria ule mto, nawaona wazazi wake.

Na hilo swali lako la "nchi gani hasa tulianzia", Jebel Irhoud kule Moroko kuna mabaki ya binadamu ya miaka kama 300,000, na Omo Kibish kule Ethiopia yapo ya yapata 230,000. Ndiyo maana watafiti wengi sasa hawatafuti kitovu kimoja, wanaona tulichipuka sehemu nyingi za Afrika, jamii zikikutana na kuchanganyika.