Nani analipia kiti kitupu?

Mwezi huu meseji nyingi zilizoingia ni za usafiri, nadhani ni mvua hizi, jamu ya Jinja Road hapa Kampala jioni imetuchosha wote. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana mambo mengi mnayouliza yako humo humo.

SWALI: Dada habari za kazi. Mi nakaa Kireka nauza nguo mjini, jioni narudi na taksi (hizi matatu zetu) kutoka stendi ya Paki ya Zamani. Juzi nilikaa ndani karibu saa nzima tunasubiri ijae, mtoto yuko nyumbani peke yake, alafu mvua ikaanza, konda akapandisha bei na sisi tushakaa. Kaka yangu yuko London anasema huko basi linaondoka hata likiwa na mtu mmoja na nauli haibadiliki. Nikamwambia hao ni matajiri. Je ni utajiri tu au kuna kitu sisi tunakosea? (Mama wa watoto watatu, Kireka)

JIBU: Mama wa Kireka pole sana. Saa nzima ndani ya taksi na mtoto yuko peke yake ni kitu kinauma na mi nakijua, hivyo viti nimevikalia miaka. Pesa ina sehemu yake, siwezi kukudanganya, London wana pesa. Ila pesa peke yake haielezi hii kitu, kuna miji haina pesa za London na huu mtindo wa kusubiri gari lijae imeuacha.

Hebu tuanze na kiti kitupu. Gari la abiria likiondoka na kiti kitupu lazima kuna mtu anakula hasara, na hapa Kampala mtu huyo ni dereva. Madereva wetu wengi gari si lao, ni la tajiri, asubuhi anachukua funguo na jioni lazima apeleke kiasi walichokubaliana, mafuta anaweka yeye, pesa za steji anatoa yeye, kinachobaki ndo wanagawana na konda. Taksi leseni yake ni abiria 14, sasa akiondoka na tisa vile viti vitano ni posho ya watoto wake ameiacha pale paki. Ndo maana haondoki. Anakukalisha wewe, na hasara yake unailipa wewe kwa muda wako, hujaona kama umelipa kwa sababu hukutoa noti mkononi. Na ndo maana kuna wale watu wanaokalishwa ndani kama abiria ili gari lionekane linakaribia kujaa, we ukishakaa dirishani na mzigo wako wanaanza kushuka mmoja mmoja wanahamia gari la nyuma. Ikitoka paki inatambaa kama kinyonga ikiokota watu mpaka Nakawa, alafu dereva akiona taksi nyingine nyuma yake anaikanyaga mpaka mnashika viti. Yote hiyo ni kiti kitupu. Hata bei ya mvua iko hapo, mvua ikinyesha jamu inakaza, safari za jioni zinapungua na hesabu ya tajiri iko palepale, basi inashushwa kwa abiria. Naelewa inavyotokea. Lakini kubadilisha bei watu wakiwa wameshakaa na mlango umefungwa, hapo sikubali, bei inatajwa mtu akiwa bado chini ili aweze kukataa.

Sasa London kwa kaka yako. Yale mabasi mekundu yanaendeshwa na kampuni binafsi, wengi hawajui hilo. Ila nauli haibaki na kampuni, inaenda kwa Transport for London ambalo ni shirika la jiji, na jiji ndo linailipa kampuni kuendesha basi njia fulani kwa ratiba fulani. Basi liwe na mtu mmoja au limejaa mpaka juu ghorofani, mshahara wa dereva ni uleule, kwa hiyo hana sababu ya kukusubirisha. Kiti kitupu kinalipiwa na jiji. Alafu tangu 2014 kwenye basi hawapokei keshi kabisa, unagusa kadi, ushuke steji ya pili au uende mwisho wa njia nauli ni moja.

Utaniambia si nilisema, ni matajiri. Haya twende Bogotá, Colombia. Mabasi ya pale yalikuwa kama taksi zetu, mtu anaishi kwa idadi ya vichwa alivyobeba, wanafukuzana barabarani kugombania abiria mmoja aliyesimama pembeni, mpaka wenyewe wakaupa ule mtindo jina, vita vya senti. Desemba 2000, meya akiwa Enrique Peñalosa, wakafungua TransMilenio, mabasi marefu yenye njia yao peke yao, na kampuni zikaanza kulipwa kwa kuangalia kilomita basi ilizotembea. Kwenye barabara zile ile vita ikakosa sababu. Sisemi kule ni peponi, mabasi yanajaa kupita kiasi na watu wanalalamika sana, ila hakuna anayekaa ndani akisubiri gari lijae ndo liondoke.

Au hapa jirani tu, Dar es Salaam. Mabasi ya mwendokasi, yenye njia yao peke yao, yalianza Mei 2016 na kilomita 21, kutoka Kimara mpaka Kivukoni na matawi ya Morocco na Gerezani, na 2018 jiji likapata ile tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu, mji wa kwanza Afrika kuipata. Mara yangu ya kwanza kupanda nilikaa dirishani naangalia daladala zimesimama kwenye foleni pembeni yetu na sisi tunapita tu, kwa kweli nilisikia wivu wa Kampala. Ila ukiongea na watu wa Dar watakwambia kwao shida iko upande mwingine, mabasi ni machache, watu wanajazana kituoni na mlangoni hapafungi. Pale abiria anaokoa muda barabarani na anaulipia kwa kubanwa. Kwa hiyo kujenga njia ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni mabasi ya kutosha na mtu wa kuyalipia hata saa nne asubuhi wakati hayajai.

Kuna kitu kingine nakiwazaga. Wakenya gari za aina hii waliziita matatu kutokana na nauli, zile senti kumi tatu. Watanzania daladala inatokana na dala, sarafu ya shilingi tano. Yaani majirani zetu wote wawili gari lilibeba jina la nauli, nauli ambayo kila mtu steji aliijua. Siku hizi mvua ikinyesha Nairobi bei inapanda kama kwetu, lakini jina limebaki linakumbusha. Sisi Kampala za kwetu tuliziita kamunye, mwewe. Na sote tumeona mwewe anavyoshuka kwenye vifaranga.

Kwa hiyo mama, umeuliza kama kuna kitu tunakosea, mi nasema ndiyo. Tumemuachia dereva na abiria wagawane hasara ya kiti kitupu wenyewe kwa wenyewe, na kila siku abiria ndo anashindwa. Konda unayegombana naye hana uwezo wa kuibadilisha hii, ni mfanyakazi kama wewe. Anayeweza ni anayetoa leseni za njia. Akitaka kampuni au chama cha wenye taksi kipewe njia ya Kireka kwa ratiba na kilipwe kwa safari, inawezekana, hata kwa hizi hizi gari za watu 14, sio lazima tusubiri treni ya kisasa.

Kaka yako naye mwambie upande wa huku. Basi la London linasimama kwenye kituo tu, hata kama nyumba yako unaiona hapo. Hapa unasema "maaso awo", yaani hapo mbele, na gari linasimama mlangoni kwako, konda anakushushia na furushi la nguo. Kwa mtu wa biashara ndogo hiyo ni huduma kubwa. Ila ningeambiwa nichague kati ya kushukia mlangoni na kujua saa nitakayofika, ningechagua saa, nitembee hizo dakika tano na furushi kichwani.

Na kwa sababu uko Kireka una kitu ambacho mwenzako wa Entebbe Road hana. Treni ya abiria ya Kampala kwenda Namanve, iliyoanza Desemba 2015, inapita Kireka hapo. Imekuwa ikisimama kwa matengenezo na kurudi, kwa hiyo pita stesheni uulize ratiba ya sasa kabla hujaipangia siku. Treni ikifika saa yake inaondoka hata mabehewa hayajajaa. Siku za taksi, uliza bei ukiwa nje, beba noti ndogo maana balansi ya jioni hairudi kirahisi, na usimwachie mtoto ufunguo peke yake, ongea na jirani.

SWALI: Mi ni kijana wa Jinja, ajenti ameniambia kuna kazi ya usalama Dubai. Nimeona video za treni yao haina dereva, mji msafi. Maisha ya kule yako kama yanavyoonekana? (Kijana wa Walukuba)

JIBU: Mdogo wangu, hiyo treni ni ya kweli. Nilikaa Deira, mtaa wa huko Dubai, miaka miwili. Metro ya Dubai ilifunguliwa tarehe 9 mwezi wa 9, 2009, haina dereva kabisa, unakaa mbele kwenye kioo unaona reli inakuja. Unagusa kadi inaitwa Nol, kuna sehemu ya wanawake na watoto peke yao, na ukila au kunywa ndani faini ni dirham 100, hata pipi. Vituo vingi vya basi vina chumba chenye eisi na joto la Julai unalijua faida yake ukishasimama nje dakika kumi.

Sasa ambacho video haikuonyeshi. Ule mji umejengewa gari. Sheikh Zayed Road ni pana kiasi kwamba huwezi kuivuka kwa mguu, unapandia daraja la stesheni ya metro ndo uibuke upande wa pili. Wafanyakazi wengi wa kima cha chini hawaipandi hiyo metro kila siku, wanakaa kambi za nje ya mji na basi la kampuni linawachukua alfajiri na kuwarudisha usiku, basi hilo hilo, barabara hiyo hiyo, mtu anamaliza miezi hajaona ufukwe. Sisi tuliokaa mjini tulikuwa tunakodi bedispesi, yaani unalipia kitanda tu, chumba mko sita au nane, mwingine anaamka kwenda shifti wewe ndo unarudi. Na kimya. Ndani ya treni kila mtu na simu yake. Nilikumbuka sana kelele za taksi, wale wamama wanaoongea na mtu ambaye hawajawahi kumuona kama ni ndugu yao, niliporudi Entebbe dereva akaniuliza "nyabo habari za safari" nikashindwa kujibu, nilikuwa nalia.

Sikukatazi. Uliza mambo haya na yaandikwe kwenye mkataba: malazi ni ya nani, basi la kazini ni la nani, na ukikaa mbali muda wa barabarani unahesabiwa vipi. Kwa kazi ya juani jua kwamba sheria yao inakataza kufanya kazi nje kati ya saa sita na nusu na saa tisa mchana, kuanzia 15 Juni mpaka 15 Septemba. Ajenti akikwambia hizo ni habari za kuulizia ukishafika, usimpe hata shilingi.

SWALI: Dada mi naendesha boda hapa Busia, baba yangu aliendesha baiskeli enzi zile za kuvusha watu mpakani. Kila siku nasikia mabasi makubwa yanakuja mijini. Sisi tutaenda wapi? (Mtu wa boda, Busia)

JIBU: Kwanza heshima kwa mzee, jina boda limetoka kwenye baiskeli kama yake, leo linatamkwa Afrika Mashariki nzima.

Lagos, Nigeria, waliamua kuwatoa okada, yaani boda za kwao, kwenye sehemu kubwa ya mji, 2020 na tena 2022, na watu wengi walipoteza kazi, kwa hiyo wasiwasi wako una msingi. Lakini Kigali, Rwanda, ndo naiangalia zaidi. Pale mabasi yamegawiwa njia kwa kampuni na abiria anagusa kadi, na bado pikipiki zimejaa, tofauti ni kwamba kuna utaratibu, abiria mmoja tu na lazima avae helmeti, wanawake na suti zao wanavaa bila maneno. Dar pia, ukishuka mwendokasi Kimara bodaboda zinakusubiri pale chini, maana basi kubwa haliwezi kuingia vichochoroni. Na usiku wa manane, hata Tokyo yenye treni za kusifiwa dunia nzima, treni za mwisho zinaondoka kama saa sita usiku na aliyechelewa atafute teksi ya bei kali au asubiri alfajiri.

Kwa hiyo ukisikia stendi ya basi inajengwa, chama chenu cha steji kiende ofisi ya mji mapema kuomba sehemu ya kuegesha pale pale mlangoni, kabla michoro haijamalizika. Na nunua helmeti ya pili.