Maana za «get»: tazama kinachofuata

Umeuliza utajuaje neno la Kiingereza «get» lina maana gani, kwa sababu kamusi imekupa maana nyingi mno. Usizikariri zote. Tazama neno linalofuata.

Likifuata jina la kitu, mara nyingi ni kupata, kupokea au kuleta: «get a letter». Ikifuata sifa, hali inabadilika: «get tired» ni kuchoka, «get dark» ni giza kuingia. Ikifuata mahali, ni kufika: «get to the station». Hapo angalia, «home», «here» na «there» hazitaki «to». Sema «get home».

Panapowasumbua wengi ni pale mtu au kitu kinapokaa katikati. «I got him to repair the phone»: nilimshawishi au nilimfanya aitengeneze, na «to» ni lazima. «I got the phone repaired»: niliitengenezesha, fundi hatajwi. Ukisema «I got him repair» umekosea. Ukitaka kuiacha «to», tumia «make» au «have» badala ya «get».

Kosa letu sisi Waswahili hasa linatoka kwenye «kupata». Nilipata ajali si «I got an accident», ni «I had an accident». Nilipata mtoto pia ni «I had a baby».

Kuhusu «gotten»: Marekani husema «has gotten worse», Uingereza «has got worse». Lakini «I've got a car» ni kuwa na gari, na hapo hata Mmarekani hatumii «gotten».